Kilo Kumi na Moja na Nusu

Usiku wa Ijumaa naitandaza ramani ya Karura mezani,
naigandamiza kwa sufuria ya uji isijikunje,
nasoma mistari ya mwinuko kwa ncha ya kidole
kama mtu anayesoma barua ya mkopo:
hapa mistari imebanana, hapana;
hapa imeachana, inapumua, labda.

Zamani sikuuliza.
Zamani nilikuwa wa kwanza kwenye kilele cha nne cha Ngong,
upepo ukinizaba makofi,
na Kilonzo huko nyuma akiita, "Mutheu, ningoje!"
Sikungoja.
Niliamini mlima haupandwi kwa huruma.

Sasa nina kigari.
Fundi Obiero wa Kamukunji alikiunda
kwa bati la tangi kuukuu
na magurudumu ya kiti cha mtoto wa tajiri fulani.
Akakipima kwa macho, kisha akanipima mimi,
akauliza, "Mama, punda yuko wapi?"
Nikajifunga mkanda kiunoni nikamwonyesha.

Mzigo: Syombua, miezi ishirini,
kilo kumi na moja na nusu kwenye mizani ya kliniki,
ishirini kwenye mpando baada ya mvua,
na akilala, ajabu,
huwa mzito kuliko akiwa macho,
kana kwamba usingizi nao una mifupa.

Kwa hiyo nawauliza askari wa geti maswali ya kipuuzi.
Udongo umekauka kule mtoni?
Ile mizizi bado imetoka nje kama mishipa ya mkono?
Kuna benchi kabla mtoto hajaishiwa na subira?
Mmoja anacheka: "Hiyo ni njia ya wagonjwa wa kisukari."
Vizuri, nasema. Nionyeshe waendako wagonjwa wa kisukari.

Nimejifunza hesabu mpya.
Umbali ni ndizi mbili na nepi moja.
Nusu ya safari ni pale chupa ya maziwa inapofika nusu.
Ukifika hapo, geuka,
hata kama maporomoko unayasikia kabisa
yakikuita kwa jina lako la ujana.

Na mteremko, ambao zamani ulikuwa zawadi,
ndio ninaouogopa zaidi.
Kigari kinanigonga visigino.
Nashuka kinyumenyume, nikimtazama usoni,
naye anadhani huu ni mchezo, anapiga makofi,
mimi natokwa na jasho la mtu
anayeshusha kabati la vyombo kutoka ghorofa ya tano.

Wenzangu wa Jumamosi wametuma picha kutoka kilele cha saba.
Wamejipanga mstari, ukungu magotini.
Sitadanganya: wivu ulikuja,
ukaketi nasi benchini, ukala ndizi moja,
ukakosa wa kuzungumza naye,

maana Syombua alikuwa ameshuka.
Alichuchumaa mbele ya jongoo,
na jongoo alikuwa na haraka kutushinda.
Dakika kumi na tano. Akavuka njia yote.
Miaka minane nimepita hapa mbio,
sikujua jongoo ana mahali anapokwenda.

Kisha mawe. Kila jiwe lazima lipande kigarini.
Kilo kumi na mbili. Kumi na tatu.
Nalitupa moja kisirisiri; analiona; linarudi.

Saa tano, karibu na geti, nageuka kumfunga kofia,
nakuta mguu mmoja uko peku.
Kiatu chekundu, cha kushoto.
Kilonzo angesema, nunua kingine.
Nageuza kamba, tunarudi tulikotoka,
njia ileile, pana, laini, isiyo na sifa,
na kwenye kona ya tatu tunakikuta:
mtu amekitundika kwenye kijiti, usawa wa macho yangu,
kinaning'inia kama tunda lililowahi kuiva.
Syombua anakinyooshea kidole.
"Tatu," anasema, ndivyo anavyokiita,
wala hashangai,
kana kwamba viatu huota hapa.