Uzito wa Kuondoka

Kilikuja kimefungwa kwa leso, ndani ya mkebe wa biskuti,
kichwa cha treni, urefu wake kiganja na nusu.
Bwana Kizito Murunga akakiweka juu ya meza yangu,
ghorofa ya pili, Luthuli, kati ya redio zisizo na migongo
na simu zilizozama chooni.
"Kinalia," akasema, "lakini kinalia Kijerumani."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Skrubu nne, ndogo kama mbegu za mchicha.
Ndani, chipu ya sauti isiyozidi ukucha wa gumba,
nyaya za rangi nane, spika kama kifungo cha koti.
Chipu ina masanduku, nikamweleza, kama yale ya posta:
kila sanduku lina namba yake, na ndani mna namba nyingine.
La kwanza ni anwani. Kiwandani wote huandikiwa tatu,
hata wasiojuana.
La tatu ni uzito wa kuondoka.
La nne, uzito wa kusimama.
La nane ni la kusahau: tia nane ndani ya nane
na yote uliyokifundisha yanafutika.

"Hilo la nane," akasema, "usiliguse."

Firimbi ya kwanza: "Hiyo ya meli."
Ya pili: "Hiyo ya refa."
Ya tano akainamisha sikio la kulia;
la kushoto aliliacha mbele ya boila,
miaka kumi na minane ya kuchochea moto.
"Karibu. Lakini huyu hajapanda mlima.
Anapumua kama mtu aliyeamshwa.
Wetu alitoka Kibwezi akipanda, akipanda,
akifika Athi River kifua kimejaa."

Basi nikamjaza kifua.
Nikashusha sauti ya moshi, nikalinganisha pumzi na gurudumu,
mzunguko mmoja, pumzi nne,
ya nne ikiburuta mguu kidogo.
Saa tisa stima ikapotea.

Jengo zima likanyamaza, hata yule jirani wa maspika.
Ndipo mzee akaunganisha viganja,
akapuliza kati ya vidole gumba:
ndefu, ndefu, fupi,
na mkia ulioshuka kama ndoo kisimani.
Nikawahi simu, nikarekodi.
Mwishoni mna kikohozi.

"Ya kampuni ilikuwa moja tu, ndefu," akasema.
"Hii yangu. Dereva aliniachia kamba tukipita Landi Mawe.
Ndefu, ndefu, fupi:
Adelaida, weka maji."

Stima iliporudi nilikata kikohozi.
Nikasikiliza. Nikakirudisha.
Dakika kumi na moja sauti ikipita kwenye waya,
na yeye amesimama, kofia mkononi,
kama mtu anayengoja jibu la daktari.
Anwani nikaandika themanini na sita,
mlango wao wa Muthurwa,
pale anaposema sasa panauzwa viatu vya mtumba.
Uzito wa kuondoka, arubaini.

Akapiga simu nyumbani. Hakusalimu.
Akaishikilia juu ya kipande changu cha reli, nusu mita,
nami nikafungua umeme.
Kichwa kikasimama pale pale, kikavuta pumzi,
kikavuta nyingine, gurudumu likakataa, likakubali,
kisha: ndefu, ndefu, fupi.

Upande wa pili, kimya.
Kijiko kikaanguka, au kifuniko.
Halafu mwanamke, sauti kavu:
"Umechelewa. Na mkaa umeisha."

"Nitapitia dukani," akasema Bwana Murunga,
na kwa muda mrefu hakukata simu.

Akanilipa kwa noti zilizokunjwa mara nne.
Mlangoni akageuka: nipunguze sauti kidogo,
siku hizi wanalala chumba kimoja na wajukuu.
Nikapunguza. Akafunga leso, fundo mbili.

Katika daftari langu, chini ya tarehe, niliandika:
Moja: themanini na sita.
Tatu: arubaini.
Nne: hamsini na tano, asimame polepole.
Nane: usiguse.