Safu ya Kama

Daftari langu lina safu tatu:
kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.
Tangu Oktoba nimechora ya nne, kwa penseli,
na juu yake neno moja: Kama.

Kama tanuri litazimwa.
Belmiro husema halijapoa tangu mwaka tuliooana;
likipoa, kioo kitagandia tumboni mwake,
na nani atalipa kulibomoa na kulijenga upya?
Husema hivyo akimenya viazi,
maganda membamba, membamba kuliko zamani.
Nimeyaona maganda hayo. Sikusema kitu.

Hapa Marinha kila mtu ana mtu kiwandani.
Kwa mwoka mikate, minong'ono huumuka kabla ya unga.
Wanapunguza arobaini. Hapana, sitini.
Mwenye kiwanda kaonekana Leiria na watu wa suti.
Graciete wa duka la dawa, asiyetoa bure hata pole,
amenitilia sabuni mfukoni bila kuombwa,
nikajua kwamba anajua.

Jumapili usiku, Duarte akishalala,
tunazimwaga bahasha mezani.
Ya gesi. Ya umeme. Ya basi la shule.
Ya samaki wa chumvi wa Krismasi, ambayo mama mkwe
huiulizia kama anayeulizia hali ya mgonjwa.
Na ile nene, ya dirisha.

Mfinyanzi hulia gaeni,
na mpika kioo, kumbe, mwanawe hulala penye ufa.
Miaka kumi na tisa mume wangu anatoa chupa motoni,
divai ya watu wasiotujua imo ndani yake,
na kidirisha cha mtoto kimeshikwa na utepe wa gundi
ambao upepo wa Atlantiki huupigia mluzi usiku kucha.
Duarte hukohoa. Nami huhesabu, kikohozi kwa kikohozi.

Kioo cha tabaka mbili, fremu, na fundi: mia nane na sitini.
Tunazo mia sita na kumi na mbili,
miezi ishirini na miwili ya kahawa tusiyoinywa mkahawani.
"Haba na haba," nilianza.
"Hujaza kibaba," akamalizia, "kisipokuwa na tundu."

Alitaka tununue sasa, kwa mkopo wa duka,
wakati bado ana karatasi ya mshahara ya kuwaonyesha.
Nikamwambia, hizo mia sita ni kodi ya miezi miwili,
zikibanwa sana.
"Basi mtoto aendelee kukohoa, Odília?"
Sikutaka kushinda. Nilitaka miezi miwili.
Tulilala tukipeana migongo,
na katikati yetu baridi ikajitandikia shuka.

Alhamisi barua ikaja.
Siku tatu kwa wiki, hadi Machi. Baadaye tutawajulisha.
Si matanga, si arusi.
Belmiro aliikunja, akaikunja tena,
ikawa ndogo kama tiketi ya basi,
akaitia mfuko wa shati, upande wa sigara alizoacha.

Usiku nilifuta safu ya nne, nikaandika, nikafuta.
Nimefuta mara nyingi mno: karatasi imetoboka,
na katika tundu lake inaonekana Januari.
Kahawa, sifuri. Basi, atatembea mwenyewe.
Samaki, nusu; mama mkwe nitamwambia mimi.
Dirisha... hapo kalamu ilisimama kitambo.
Bahasha sikuigusa. Sikuiongezea pia.
Nikaandika: utepe wa gundi, mbili na senti arobaini.

Ijumaa, siku yake ya kwanza ya kukaa,
alikwangua utepe wa zamani kwa kisu cha siagi,
akabandika mpya, umenyooka kama mstari wa rula.
Kisha akakipulizia kioo pumzi,
akakigonga kwa ukucha, akainamisha sikio,
kama afanyavyo kazini
kabla ya kuamua ipi ipite, ipi irudi motoni.