Kiti cha Mtaalamu

Kiliteremshwa Usoke kwa behewa la mizigo,
kimefungwa nailoni, magurudumu matano,
na karatasi imebandikwa mgongoni:
Mtaalamu wa Tiba kwa Vitendo. Kiti, kimoja.
Tukakiweka ofisini, upande wa dirisha,
tukamngoja mwenyewe.

Tumbaku ikapandwa, ikachumwa,
ikakauka mabanini, ikauzwa, watu wakalipa madeni,
kiti bado kimevaa nailoni yake
kama bwana harusi aliyeachwa stesheni.

Mimi nilisomea nukta nundu.
Vidole vyangu vinasoma gizani.
Wilaya ikaniletea viziwi tisa,
wenye usonji wanne,
wawili wanaoiona dunia kama moshi wa jirani,
na Mihayo, ambaye shingo yake haijaamua
ielekee wapi.
Kumi na sita. Mwalimu, mmoja.

Viziwi ndio walionifundisha.
Asali: kidole mdomoni, halafu ruka, umeumwa.
Mwalimu mkuu: pandisha mkanda juu ya kitambi.
Na ile nyingine, ncha za vidole zinapapasa kiganja,
ilinichukua muhula mzima:
yule asomaye kwa kugusa.
Nilipong'amua kuwa ni jina langu
nilitoka nje, nikajifanya napenga kamasi.

Alipita mtaalamu mara moja, wa kuazima,
kutoka Tabora mjini, asubuhi moja tu.
Alimshika Mihayo nyonga, akatuonyesha:
hapa, taratibu, hesabu hadi thelathini,
na ale akiwa wima, asije akapaliwa.
Akae juu ya nini? nikauliza.
Akatazama saa. Treni haimngoji mtu.

Aliyeyashika yote ni Ngalula, mpishi,
aliyekuwa mlangoni na mwiko wake.
Kila saa nne, uji ukishaiva,
ananawa, anapasha mafuta ya karanga viganjani,
anamnyoosha Mihayo, akihesabu kwa Kinyamwezi.

Msimsifu mbele yangu.
Mshahara wake ni wa sufuria.
Sifa nazo ni nailoni.

Basi Jumanne moja nikaichana.
Nikakisukuma kiti barabarani, kinalia kwi kwi kwi,
hadi kwa Kasele, mchonga mizinga ya nyuki.
Akakizunguka kama anayenunua ng'ombe.
Akang'oa magurudumu. Akakata mguu.
Akatia mbao za mninga ubavuni,
mpira wa baiskeli kifuani,
meza ndogo mbele, yenye ukingo, kikombe kisianguke.

Mihayo akaketi.
Miaka saba alikuwa akiijua dari,
mabati mangapi, misumari mingapi.
Siku ile akatujua sisi.

Mwezi wa tano wakaja wakaguzi wa mali.
Wana orodha, wanapiga tiki.
Kiti cha mtaalamu, kimoja. Kiko wapi?
Kimekaliwa, nikasema.
Kumbe! Ameripoti lini?

Nikawapeleka darasani.
Mihayo alikuwa na uji hadi puani, anacheka,
Ngalula anamfuta kwa ncha ya khanga.
Mwenye kalamu akasimama kitambo,
akameza mate,
kisha akaandika: Kiti, kimeharibiwa.

Nikamwomba, ukurasa uleule, mstari wa chini:
Mtaalamu, hajaletwa.
Akasema orodha yake ni ya vitu tu.

Gari lilipoondoka viziwi wakanivuta gauni:
walikuwa wanamtafuta nani?
Sikuwa na ishara ya mtu huyo.
Wakaitunga wenyewe, palepale, vumbi halijatua:
kiganja kinapigapiga kiti kisichokuwepo,
karibu, karibu,
kisha mikono yote miwili, mitupu.

Ndilo jina lake hapa Usoke
hadi aje mwenyewe atuonyeshe jingine.