Mgonjwa Wangu wa Wodi ya Tatu

Saa nne usiku, Mwananyamala,
nje ya wodi wanaouguza hutandika khanga zao sakafuni
na kila mmoja ana mtu wake ndani.
Mimi sina mtu.
Nina begi, daftari la Uhasibu, mwaka wa kwanza,
chupa ya maji niliyoijaza bombani chuoni,
na jibu moja nililolikariri kama kanuni:
"Namuuguza shangazi. Wodi ya tatu."

Mlinzi haulizi mara mbili.
Anayeuliza ni Bi. Siwema wa Kisiju,
aliyemfuata mumewe na mguu wa sukari.
Kila alfajiri, akikunja khanga:
"Mgonjwa wako kaamkaje?"
Nami nikawa fundi.
Jumatatu nampandisha homa,
Jumatano namtoa dripu,
Ijumaa kala uji vijiko vitatu.
"Shukuru," ananiambia. "Vitatu si haba."

Ilianzia Mabibo, mwezi wa kwanza.
Arobaini ya mama ilikuwa haijafika
mwenye nyumba akasimama mlangoni na kitabu chake:
"Kodi ni ya miezi sita, binti.
Huruma ninayo ya siku mbili."
Kitanda nikakiuza. Jiko la mkaa likabaki kwa jirani,
nadhani bado analipikia.

Chuoni wakanipa fomu ya msaada.
Fomu inataka barua ya mtaa.
Barua inataka saini ya mjumbe.
Mjumbe anataka kujua nyumba namba ngapi.
Nyumba inataka kodi,
na kodi ndiyo hiyo niliyoiombea fomu.
Mtendaji, Bwana Mkwizu, alikuwa muungwana, sitamsema vibaya.
Alinipa kiti. Akasema, "Mwanangu,
nitamtambulishaje mtu asiyelala kwangu?"

Mara ya tatu nikaenda Ustawi wa Jamii.
Chumba cha nyuma, feni moja, haizunguki,
kalamu imefungwa uzi kwenye mguu wa meza.
Bi. Haikaeli hakuniuliza naishi wapi.
Aliuliza, "Jana umelala wapi?"

Nikaanza: "Namuuguza shangazi, wodi ya—"
"Anaitwa nani shangazi yako?"

Wiki tano, na jina sikuwa nimemtafutia.
Homa nilimpa, uji nilimpa,
jina nikasahau.
Nikasema lililokuja:
"Sikudhani."

Akaitazama fomu. Pale juu, kwa mwandiko wangu:
Sikudhani Mbonde, miaka kumi na tisa.
Hakucheka. Hakunipa pole.
Palipoandikwa MAKAZI akaivuta kalamu hadi mwisho wa uzi wake,
akaandika: Hana.
Akapiga mhuri juu yake, meza ikatikisika.
"Usilifute neno hili," akasema.
"Ukiona haya ukalifuta, fomu watanirudishia."

Nikalibeba Hana yangu mjini kote.
Kivuli kimoja shilingi mia, wakataka vivuli vinne,
kisha wakapoteza viwili.
Siku ya kumi na saba wakanipa ufunguo:
chumba cha kumi na nne, kitanda cha juu.
Hela ya chakula iko njiani, wamesema.
Bado iko njiani.

Usiku wa kwanza sikulala.
Hakuna aliyekohoa.
Kile kitoroli chenye gurudumu bovu hakikupita.
Nilipeleka mkono kichwani kulipapasa begi
nikakuta mto.

Jumamosi nikarudi Mwananyamala,
chupa ya chai, maandazi matano ya kukopa.
Bi. Siwema akasogeza khanga, kama kawaida yake,
kunipa nafasi.
"Mgonjwa wako?"
"Karuhusiwa."
"Alhamdulillahi!" Akanishika magoti yote mawili.
"Na huko nyumbani anaangaliwa na nani?"
"Na mimi," nikasema. "Mimi mwenyewe."

Akanitazama, muda mrefu kuliko swali lenyewe.
Kisha akachukua andazi,
akalikata katikati,
kubwa akanipa mimi.
"Mwambie ale," akasema.