Salha Safi

Nassib kaja na kompyuta, kaiweka juu ya cherehani,
kaniambia, Mama Salha, siku hizi mgombea ni chapa.
Chapa. Mie neno hilo nalijua kwenye paja la ng'ombe
na chini ya buli la bibi, limeandikwa Kichina,
hakuna aliyewahi kulisoma
na chai ikanyweka.

Jina langu, Salha Mbarouk wa Kikwajuni,
refu mno, halikai kwenye fulana.
Akalikata. Likabaki Salha Safi,
kama sabuni ya mche.

Kisha rangi. Hapo tulikesha.
Meya huchaguliwa na madiwani, wa chama hichi na kile,
na mie nazitaka kura zote.
Kijani ina wenyewe. Zambarau usiiguse.
Nyekundu, watasema. Nyeupe, watauliza.
Tukaumaliza upinde wa mvua, tukaangukia kahawia.
Nikamwambia, hii si rangi ya maji ya mtaro?
Akasema, kwenye bango tutaiita udongo wetu.

Miaka kumi na tisa nimeuza kanga Darajani.
Najua mtu hashiki kitambaa kwanza, husoma jina.
Nimeuza doti zinazochuja fuo la kwanza
kwa kuwa maneno yake yalimfaa mke mwenza.
Leo doti ni mie,
nimetandazwa kwenye kirikuu yenye spika mbili,
na methali aliyokuwa akinipigia mama dukani
yanifuata nyuma kama mdai:
kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mabango tuliyabandika kwa uji wa ngano.
Alfajiri mbuzi wa Mzee Tamimu keshanila kidevu,
yuko kwenye ahadi ya pili.
Sikumfukuza. Mji mzima huu
ni yeye tu aliyeimaliza ilani yangu.

Jumanne nikaenda jaani, nyuma ya soko,
niseme habari ya magari mawili ya taka, moja bovu,
jingine linasukumwa.
Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na hesabu za tairi.
Upepo ukageuka.
Moshi wa plastiki ukanijaa, macho yakavuja,
nikapenga kwa ncha ya mtandio.
Kijana wa televisheni ya mtandaoni alikuwapo,
keshapokea nauli yake mara mbili,
kwangu na kwa mshindani wangu Bwana Nahoza.
Alasiri simu ikawaka:
SALHA SAFI AANGUA KILIO MBELE YA TAKA.

Na watu wakanipenda.
Diwani mmoja, hajapata kunitazama usoni,
kanipigia: Dada, umetugusa.
Redioni wakaniuliza, ulilia nini?
Swali jepesi, jibu lake neno moja.
Nikaitazama taa nyekundu, nikaitazama saa,
nikasema, nilimkumbuka mama.
Mtangazaji akashusha sauti: Mungu amrehemu.
Nikanyamaza.

Mama alikuwa nyumbani, anachagua mchele,
redio iko juu ya kabati.
Niliporudi hakuinua kichwa.
"Nimezikwa wapi?" akauliza. "Nisije nikapotea njia."

Magharibi akaja Bi Mize, anayefagia pale jaani,
kutaka nyuzi za kushonea aproni yake.
Akakaa kizingitini, akavua kiatu, akakung'uta majivu.
"Moshi ule ule," akasema, "mie mwaka wa kumi na mbili.
Machozi yangu hayana mnunuzi?"

Sikuwa na la kumjibu.
Lakini, Mungu anisamehe, mazoea ya duka,
nililipima neno lake kimyakimya, silabi kwa silabi,
likakaa sawasawa kwenye pindo.
Na Nassib, pale mlangoni,
keshatoa simu.