Wazo la Saa Nne na Robo

Lilikuwa la Mbithe. Nianze hapo,
kabla sijaanza kupamba.

Saa nne na robo, ghorofa ya sita, Upper Hill,
ramani ya mitaro ya South B imetandazwa mezani,
pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe vya chai.
Akasema: Tusiupanue mtaro, tuugeuze.
Maji yakipewa njia fupi hayagombi.
Alisema mara moja, kwa sauti yake ya kila siku,
kalamu mkononi, maana ndiye aliyeandika kumbukumbu za kikao,
na za kikao kilichopita, na cha kabla yake.
Ana mwandiko mzuri, walisema,
na kalamu ikamganda.

Kimya. Mtu akakoroga chai.

Saa nne na dakika ishirini na mbili nikasema mimi:
Je, tukiugeuza?
Maneno yale yale, ila yamefunga tai.
Bwana Kirimi akapiga meza:
"Hilo ndilo wazo, Onditi! Liandikwe."
Naye Mbithe akaliandika.
Kwa mkono wake mwenyewe
akaandika jina langu mbele ya mtaro wake.

Sikuiba, nilijiambia kwenye lifti. Niliokota.
Lakini mwokotaji huuliza: cha nani hiki?
Mimi niliuliza tu chakula cha mchana ni nini.

Ni mhandisi wa maji, najua:
maji hayamchukii mtu,
yanafuata mteremko.
Sifa nazo vivyo hivyo.
Kila mwaka tunailaumu mvua,
hatuulizi nani alichimba.

Siku hiyo nikaenda stoo kutafuta rimu ya karatasi.
Mlango ulizuiwa kwa kiti.
"Kuna mtu," sauti ya Mbithe ikasema, bila hasira, kwa mazoea.
Miezi minne anakamulia humo maziwa ya mwanawe,
kati ya katriji za wino
na mti wa Krismasi wa plastiki,
kwa kuwa kitasa hakifungi.
Tuna chumba cha tenisi ya meza.
Kinafungwa kwa funguo mbili.

Jumatatu nikaja na pimamaji,
ile ya mafundi, ya shilingi mia tatu.
Kabla wenzangu hawajaingia nikailaza mezani.
Nilitaka niwaonyeshe: tazameni, chumba hiki kimeinama.
Kipovu kikatetemeka,
kikatulia katikati kabisa.
Meza ilikuwa sawa.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikasema, walipokwisha kaa:
Wazo la mtaro ni la Mbithe.
Alilisema saa nne na robo. Mimi nililirudia.
Bwana Kirimi akacheka, "Aa, sisi sote timu moja,"
akafunua ukurasa.
Nikasema tena. Mara ya pili ndiyo iliyoniuma,
maana ya kwanza bado ilikuwa na utamu wa kujisifu.

Jikoni, akisuuza kikombe, Mbithe hakunishukuru.
"Ukinirudishia changu nikupigie makofi?"
Kisha akatoa kalamu nyuma ya sikio:
"Shika. Wiki ijayo ni wewe."

Basi nikaandika.
Chai yangu ikapoa, ikafanya utando.
Nilikuwa na wazo, tena zuri,
lakini kabla sijaweka nukta ya sentensi ya mwenzangu
mazungumzo yalishavuka barabara.
Mkono uliniuma hadi kwenye kiwiko.
Mbithe aliongea dakika kumi na moja mfululizo,
mikono yake mitupu ikichora mifereji hewani.
Sikuwahi kuiona ikiwa mitupu.

Mwandiko wangu mbovu, kila mtu alilalamika.
Jina lake, hata hivyo, linasomeka.
Na kitasa cha stoo bado hakifungi:
hilo nalo nimeliandika,
chini kabisa, kwenye Mengineyo,
nikalipigia mstari mara mbili
hadi karatasi ikatoboka.