Kama, la Sivyo

Saa tatu kasoro nawasha kompyuta chumbani, Nkuhungu,
nasokomeza kanga chini ya mlango
upepo wa Julai usije na vumbi lake kwenye mota.
Wanaingia mmoja mmoja, kama wageni wa msibani,
wakinong'ona, wakigongana,
na majina ya wenye simu yakiwa vifuani mwao:
Mama Wendo ni Wendo mwenyewe, wa Bahi;
Pembejeo Kibaigwa ni mvulana aitwaye Ndahani;
na kile kidirisha cheusi kisichosema
ni Mbeleje wa Mpwapwa, ambaye kila asubuhi
huandika neno moja: nipo.

Masanduku niliyatuma kwa mabasi. Kumi na moja.
Niliowapigia walisema yamefika.
Mbeleje sikumpigia. Niliona ile nipo, nikaridhika.

Siku ya kwanza nilisema: roboti haina akili,
ina utii. Ukikosea, itakutii mpaka ukutani.
Nikaandika ubaoni neno letu la kwanza, KAMA.
Kama kuna mwanga, nenda. La sivyo, simama.
Ndahani akanyoosha ule mkono wa njano wa kwenye skrini:
Mwalimu, kama ipi? Ya sharti, au ya kufananisha?
Miaka minne chuoni, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikasema, subirini, mtandao unakata.
Haukuwa unakata.

Wiki ya pili nikawaambia
kosa ndani ya programu tunaliita mdudu.
Kesho yake Wendo kaifungua yake kwa kisu cha mboga,
skrubu zote kazianika juu ya ungo:
Nimetafuta, mwalimu. Kuna utitiri mmoja tu, kwenye betri.
Akaupuliza, akafunga, ikatembea.
Mpaka leo sijui nimweleze nini.

Ndahani akaunda mlinzi wa karanga.
Kama kuku amesogea, piga king'ora.
Siku mbili kuku walikimbilia kwa jirani.
Siku ya tatu jogoo akaipanda kichwani,
akawika pamoja nayo.

Umeme ulikatika mara sita. Bando liliisha
katikati ya neno "rudia", nikabaki nimeduwaa,
mdomo wazi kwenye simu za watu,
Bahi, Kondoa, Manyoni, nikiwa sanamu.

Siku ya mwisho, kidirisha cheusi kikafunguka.
Ua uliofagiliwa. Jua. Ukuta wa udongo,
na ukutani, kwa mkaa, mstari chini ya mstari,
programu zangu zote za wiki tatu.
Sanduku halikufika, akasema Mbeleje.
Sauti yake nzito kuliko nilivyoitarajia.
Roboti yangu ni huyu, anaitwa Chisomo, ana miaka mitano.
Mtoto kafungwa kitambaa machoni, mikono mbele.

Hatua nne. Kulia. Hatua mbili.
Kama umegusa kitu, geuka. La sivyo, endelea.
Akakipita kinu. Akaligusa beseni, akageuka.
Akampita mbuzi aliyelala, na sote,
madirisha kumi na moja, tukaacha kupumua.
Endelea, akasema dada.
Chisomo akasimama.
Endelea! La sivyo, endelea!
Hakwenda. Alinyanyua pua juu, akavuta kitambaa:
Dada, maharage yanaungua.

Simu ikaanguka. Tukaona anga tupu, muda mrefu,
tukasikia mfuniko, na maji yakichacharika jikoni,
na Mbeleje akifoka, huku anacheka:
Roboti gani hii haisikii!

Usiku nimekunja waya, nimetoa kanga mlangoni.
Nimempigia konda wa Mpwapwa. Hapokei.
Kuna ujumbe kutoka Pembejeo Kibaigwa:
Mwalimu, hujanijibu ile kama.
Naandika, nafuta. Naandika.